Dirisha la Tatu: Dola moja ya saa tisa usiku

Kwa wasomaji wapya: nilikaa miaka 22 nyuma ya kioo cha dirisha la tatu katika tawi moja la benki hapa Posta, Dar es Salaam, kumi ya mwisho nikiwa kitengo cha kadi. Sasa nimestaafu, niko Tabata Kimanga na kuku wasiotaga. Toleo lililopita niliandika aya mbili tu kuhusu watu wanaokatwa fedha kwenye kadi wakiwa wamelala, na meseji zenu zimenikesheza siku mbili. Nimechagua nne.

Shikamoo Mama wa Dirisha la Tatu. Nashona na kuuza magauni ya vitenge Sinza. Nina kadi ya kawaida ya benki, ndiyo naitumia kulipia matangazo Instagram na kuagiza zipu na lebo China. Usiku wa kuamkia Jumapili, saa tisa na dakika kumi, imeingia meseji kwamba nimekatwa dola 1. Nikadhani ni tangazo, nikalala. Kuamka nakuta meseji nyingine tatu: dola 148, dola 148 tena, na dola 92, maduka nisiyoyajua. Ni karibu milioni moja, hela ya vitambaa vya harusi ya mteja. Kadi ninayo mkononi na namba ya siri hata mume wangu haijui. Jumapili hiyohiyo nikaenda ATM nikabadilisha namba ya siri. Jumatatu nikafika tawini, kijana wa kaunta akaniambia, "Dada, hizo taarifa utakuwa umezitoa mwenyewe." Nimetoka nalia. Hela yangu ndiyo imekwenda? Na waliipataje? – Fundi wa Vitenge, Sinza

Marahaba mwanangu, na pole sana. Kadi yenyewe umeifunga? Nimeisoma barua yako mara mbili na sijaona uliposema umeifunga. Umebadilisha namba ya siri, kosa ambalo nimelishuhudia dirishani kwangu mpaka nikachoka. Namba ya siri ni ya ATM na ya mashine za dukani. Anayenunua mtandaoni haulizwi namba hiyo. Yeye anataka tarakimu 16 za mbele, mwezi na mwaka wa kuisha kadi, na zile tatu za nyuma, basi. Kwa hiyo weka jarida chini, fungua programu ya benki yako kwenye simu, tafuta sehemu ya kadi, ifunge. Kama huioni, piga namba iliyoandikwa nyuma ya kadi. Halafu urudi tuendelee.

Umerudi? Vizuri.

Ile dola moja ilikuwa ni kuonja. Mama lishe haupakui mchuzi kabla hajaulamba kwenye kiganja, na mwizi wa kadi naye anataka kujua kama kadi iko hai kabla hajaichota. Anakata kiasi ambacho mtu hatakijali, tena saa ambayo mtu hatakiona. Ikipita, anarudi na mwiko mkubwa. Meseji ya dola moja usiyoijua, hata ya senti 50, ni ya kuamkia kitandani.

Sasa waliipataje. Kijana wa kaunta anaweza kuwa sahihi: huenda uliwahi kubonyeza kiungo cha "mzigo wako umekwama forodhani, lipia hapa" ukajaza kadi yako. Wanaoagiza China wananaswa sana kwa hilo. Huenda pia duka ulilowahi kununua liliitunza kadi yako, kisha kompyuta zake zikaingiliwa. Lakini kuna njia ya tatu ambayo yeye hakuifikiria. Tarakimu sita hadi nane za mwanzo za kadi ni utambulisho wa benki, yako na ya jirani yako wa benki hiyohiyo zinaanza sawasawa. Ile ya mwisho kabisa ni ya kukagua, inapatikana kwa hesabu ndogo ya kuzidisha kwa mbili na kujumlisha iliyobuniwa na Hans Peter Luhn wa IBM, aliyeiombea hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1954. Hesabu hiyo iliwekwa ili kumnasa mtu aliyekosea kuandika namba, kuzuia wizi haikuwa kazi yake. Mwenye kompyuta anaweza kutengeneza namba za kadi zinazokubali hesabu hiyo kwa maelfu. Tarakimu tatu za nyuma zinaanzia 000 na kuishia 999, yaani elfu moja tu. Anazigawa kwenye maduka mengi ya mtandaoni yasiyouliza maswali, anajaribu kidogo hapa, kidogo kule, mpaka moja inaitika. Mwenye kadi anakuwa hajampa mtu chochote. Kwa hiyo neno la "umezitoa mwenyewe" kijana yule alilisema bila kuwa na njia ya kulijua akiwa amesimama pale kaunta. Mimi mwenyewe nililisema neno hilo kwa wateja miaka ile ya mwanzo, kabla sijahamia kitengo cha kadi. Nawaomba radhi.

Rudi tawini kesho asubuhi, usiende saa sita wakati foleni imefika mlangoni. Usiombe kuonana na meneja, omba fomu ya kupinga miamala ya kadi. Andika kila muamala na mstari wake: tarehe, saa, kiasi, jina la duka kama lilivyo kwenye meseji. Ile ya dola 1 usiiache, ndiyo ushahidi wako mzuri kuliko yote kwa sababu inaonyesha tabia ya mwizi. Ukikabidhi, omba nakala iliyogongwa muhuri na namba ya kumbukumbu. Ukiambiwa "tumekusikia dada, tutakupigia", kaa hapohapo kwenye kiti mpaka upewe namba.

Kisha uliza swali hili, na uliulize kwa maandishi: je, miamala hii ilithibitishwa kwa OTP, ile namba inayoingia kwenye simu? Swali hilo ndilo linaloamua mengi. Kama duka liliuza bila kumtaka mnunuzi athibitishe kwa namba hiyo, kwa taratibu za Visa na Mastercard mzigo wa hasara kwa kawaida unaangukia upande wa duka na benki yake, na benki yako ina pa kudai. Kama OTP iliingizwa, benki itakuuliza nani aliyeiona simu yako, na hapo kesi inakuwa ngumu. Wewe umesema zimeingia meseji za kukatwa tu. Hujasema iliingia ya OTP. Kama haikuingia, liandike hilo kwenye fomu kwa herufi kubwa.

Usishtuke wakikuambia muamala "bado haujakamilika, subiri". Ni kweli kwamba duka hushikilia fedha kwanza na kuzichukua siku chache baadaye, na benki nyingi hazianzi kuupinga mpaka zichukuliwe. Ila fomu wanaweza kuipokea leo. Mitandao hii ya kadi kwa kawaida inatoa siku 120 za kupinga muamala wa wizi, lakini benki nyingine zinamwekea mteja muda mfupi zaidi ya huo. Usiukalie.

Kadi mpya iwe na namba mpya. Nasisitiza kwa sababu nimeona wateja wakifunguliwa kadi ileile wakishukuru. Na hiyo mpya usiitumie kulipia tangazo hata moja. Fungua akaunti ndogo ya pembeni yenye kadi yake, au tumia zile kadi za mtandaoni zinazopatikana ndani ya huduma za fedha za simu, uweke kiasi cha tangazo la wiki hiyo tu. Fedha ya vitambaa vya harusi haipaswi kulala kitanda kimoja na Instagram.

Benki ikikataa au ikakaa kimya, usiishie kulalamika saluni. Benki Kuu ya Tanzania ina dawati la malalamiko ya watumiaji wa huduma za fedha, na kuna kanuni za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji huyo. Watakuuliza jambo la kwanza: ulilalamika kwa benki yako kwa maandishi? Ndiyo maana nimekusumbua na muhuri.

Bado moja. Nimeona kwamba uliandika malalamiko yako chini ya picha ya benki Instagram, ukanitumia na picha yake. Siku mbili hizi atakutafuta mtu mwenye nembo ya benki, lugha tamu, atajiita huduma kwa wateja, atasema fedha zako zimepatikana ila anahitaji namba ya kadi au ada kidogo ya kuzifungulia. Huyo ni mwizi wa pili, anawawinda walioibiwa. Futa uliloandika.

Dada yangu, asalaam aleikum. Mimi ni mstaafu wa bandari, nina miaka 71, nakaa Mbagala. Alhamisi saa tatu asubuhi nilisimama kwa kijana wa mwamvuli pale Rangi Tatu aliyesema laini zote zinahakikiwa upya. Nikampa namba ya kitambulisho cha taifa, akasema vidole vyangu vikavu havisomi, nikabonyeza mara tatu. Saa nne simu ikakata mtandao. Nikadhani mnara. Jumamosi nimekwenda benki kuchukua pensheni, imebaki shilingi 4,200. Wamehamisha 1,870,000 kwa mafungu sita kwenda namba za simu. Namba yangu ya siri ya benki kwenye simu ilikuwa mwaka wangu wa kuzaliwa, sijamwambia mtu. Mama watoto anasema ninyamaze, nitachekwa msikitini. – Mzee wa Gati, Mbagala

Waaleikum salaam kaka, shikamoo.

Nianze na habari ya kuchekwa. Mwaka wa mwisho kabla ya kustaafu, mimi, bingwa wa kadi, nilipata meseji ile ambayo Mtanzania yeyote anaijua kwa moyo: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Siku hiyo nilikuwa namsubiri fundi wa banda langu Kivule anitumie namba. Nikatuma 350,000. Dakika tano baadaye fundi halisi akapiga. Kaka, nilikaa siku tatu bila kumwambia mtu, hata kampuni ya simu sikuipigia, kwa sababu niliona aibu mfanyakazi wa benki kutapeliwa kama mgeni wa jiji. Nilipopiga, fedha ilikuwa imetolewa kwa wakala zamani, labda siku ileile ningekuta bado ipo. Siku tatu zile nilimzawadia mwizi. Wewe umeshapoteza Alhamisi mpaka Jumamosi kwa kudhani ni mnara, na hilo si kosa lako. Usiongeze siku nyingine kwa ajili ya watu wa msikitini, ambao nusu yao yamewakuta.

Lililotokea naliona hivi. Tangu Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa, kidole cha mtu kimekuwa ufunguo. Kubonyeza mara ya kwanza inawezekana kulisoma vizuri tu. Ya pili na ya tatu ndizo alizozitaka yule kijana: huenda moja ilirudisha laini yako kwenye kadi mpya ya simu iliyo mikononi mwake, ndiyo maana ya kwako ikazima saa moja baadaye, na nyingine ikasajili laini ngeni kwa jina lako. Laini ikishakuwa kwake, meseji za benki zinaingia kwake. Kuhusu namba ya siri, itazame namba ya kitambulisho chako cha taifa. Tarakimu nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Ulimsomea mwenyewe kwa sauti pale chini ya mwamvuli. Nilipokuwa kazini ningeweza kukisia kwamba mzee wa kila foleni ana mwaka wake wa kuzaliwa kwenye ATM, au wa mtoto wa kwanza.

Mchukue kijana unayemwamini nyumbani, mkafanye haya kabla ya Adhuhuri. Nenda duka kubwa la kampuni ya simu lenyewe, usirudi kwa mwamvuli, ukiwa na kitambulisho. Laini irudi kwako, kisha uliza ilibadilishwa siku gani, saa ngapi na kwa wakala gani, na wakuandikie. Ukishaipata, bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua waambie hapohapo waifunge, maana laini hiyo ikitumika kutapeli mwingine, polisi watakuja Mbagala kwako. Siku nyingine simu ikikata ghafla wakati za wenzako zina mtandao, azima simu ya mtandao uleule upige 100, huduma kwa wateja.

Benki nako, huduma ya simu ifungwe na uanze upya. Omba taarifa ya miamala ile sita yenye namba zilizopokea. Kisha kituo cha polisi cha karibu, useme ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, upewe RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako, na RB hailipiwi. Namba za simu za matapeli zinaripotiwa kwa meseji kwenda 15040. Sikudanganyi kaka: wenye majina kwenye laini zilizopokea fedha wanaweza kuwa wazee wengine waliobonyezeshwa mara tatu. Mwenye kosa wa kumtafuta kwanza ni aliyeandikwa kwenye karatasi ya kubadilisha laini yako, na karatasi hiyo ukiiomba mapema inapatikana.

Mpe mama watoto salamu. Mwambie asome hapa kuhusu fundi wangu wa Kivule, kisha yeye mwenyewe awasimulie wenzake.

Mama, mwanangu anasoma Houston. Juzi kaniandikia WhatsApp kuwa kuna mtu amechukua kadi ya mkopo kwa jina lake, ametumia dola 3,100, wadai wanampigia kila siku, na asipolipa atafutiwa viza. Anaomba nitume dola 800 za kuanzia. Niuze kiwanja? – Mama K., Kigamboni

Kwanza umemsikia sauti yake? Maana umeandika "kaniandikia". Mpigie kwa video, na kama simu haipokelewi, mpigie mwenzake wa chumba. Muulize jambo ambalo halipo kwenye picha wala kwenye simu yake, kwa mfano jina la mbwa wenu wa zamani. Mtu anayeomba fedha kwa maandishi tu na ana haraka, mara nyingi si mtoto wako.

Kama ni yeye kweli, usiuze kitu. Kadi ya huko si kama hizi zetu za ATM zinazochota fedha uliyoiweka. Ile ni deni: benki inalipa kwanza, inakudai mwisho wa mwezi. Kwa hiyo mwizi anaweza kufungua deni kwa jina lako bila hata senti yako kuguswa. Lakini Marekani ina sheria tangu miaka ya 1970 inayosema matumizi ya wizi kwenye kadi ya mkopo hayawezi kumgharimu mwenye kadi zaidi ya dola 50, na hapa yeye hata hakuifungua kadi hiyo. Hili si deni lake. Akianza kulipa kidogokidogo, ataonekana kama anakiri kwamba ni lake. Aripoti kwenye tovuti ya serikali ya IdentityTheft.gov, apate ripoti, aipeleke kwa benki iliyotoa kadi na kwa hao wadai kwa maandishi. Kisha afunge kumbukumbu zake za mikopo kwa kampuni tatu, Equifax, Experian na TransUnion. Tangu mwaka 2018 kufunga ni bure. Atazifungua mwenyewe siku akihitaji mkopo. Na kwenye ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwake apite, wamtoe hofu ya viza.

Hata sisi tuna kumbukumbu kama hizo, watu hawajui tu. Benki Kuu imetoa leseni kwa kampuni za kutunza kumbukumbu za mikopo, Creditinfo na Dun & Bradstreet, na unaweza kuomba taarifa yako. Nimemwona dada mmoja wa Buguruni akinyimwa mkopo wa bodaboda kwa sababu ya mkopo wa televisheni ambao hakuwahi kuuona, uliochukuliwa kwa nakala ya kitambulisho aliyowahi kuiacha kwenye duka la kutolea fotokopi.

Mama, ni kweli majambazi wakikulazimisha ATM ukiingiza namba ya siri kinyumenyume polisi wanapata taarifa? – Dereva wa Bajaji, Kimara

Si kweli, na haijawahi kuwa kweli katika miaka yangu yote. Fikiria mwenyewe: mwenye 7117 akiigeuza inakuwa ngapi? Mashine ingewaita polisi kila anaponunua mkaa. Ukilazimishwa, toa fedha, okoa roho, funga kadi ukiwa salama.

Na tafadhali, mnaponiandikia mifano, msiniandikie namba zenu za siri halisi. Wiki hii wamefanya hivyo watatu, mmoja na benki yake akaitaja.